Jina Lisiloulizwa Nje

Jibu lilikuja saa nane mchana, na halikupaswa kuja kabisa.

Fundi wa mitandao alikuwa peke yake katika chumba cha mitambo, kama alivyokuwa peke yake kila mahali tangu mkewe afariki. Mkewe alikuwa mpiga chapa katika ofisi hiyohiyo. Baada ya mazishi, fundi hakuwa na moyo wa kulifuta mtandaoni jina la kompyuta ya marehemu. Alilibandika tu mkia wa .invalid, mkia wa majina ambayo kwa kanuni hayana mwenyewe. Mafundi wa mitandao ni watu wa ubishi, lakini hapo wamekubaliana: jina la namna hiyo haliulizwi nje, kwenye mtandao wa dunia. Mtambo wenyewe hujibu papo hapo: hakuna. Kila siku alilitafuta, akajibiwa hakuna, akaendelea na kazi. Jioni alibisha hodi kwenye nyumba yake tupu, maana mazoea yana taabu, kisha akajifungulia mwenyewe.

Wiki hiyo alikuwa amebadilisha programu ya kutafuta majina, akasahau kuihamisha kanuni ile. Swali likatoka nje. Kwenye kioo cha kompyuta pakaandikwa: Nipo, mume wangu.

Harufu ya nguo iliyotoka kupigwa pasi, harufu ya mkewe, ikajaa chumbani. Nyuma ya kabati la mitambo, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta, vidole vikaanza kupiga chapa, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kasi ileile aliyoisikia miaka kumi na moja akipita mlangoni kwa mkewe na kujifanya ana shughuli, mpaka nywele zikamsimama na machozi yakamlengalenga kwa wakati mmoja.

Akampigia Mama Nyaya, mstaafu aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, mama," alinong'ona. "Ameitika."

"Marahaba. Nani?"

"Mke wangu."

"Kanuni umeitoa?"

"Niliisahau."

"Mwanangu, ukiita nje jina lisilo na mwenyewe, yeyote mwenye njaa ataitika. Mjaribu. Andika jina la mtu ambaye hajazaliwa."

Alitamani kukata simu. Kama kweli ni yeye, amfukuze kwa kosa gani? Akafumba macho, akabonyeza herufi ovyo ovyo, akaweka mkia uleule.

Nipo, mume wangu.

Alilia kwa sauti, mtu mzima.

"Funga," Mama Nyaya alisema kwa upole. "Funga sasa hivi."

Akairudisha kanuni. Vidole vikanyamaza, harufu ikapotea, mtambo ukajibu hakuna. Alihisi mkewe amekufa mara ya pili, na safari hii aliyemzika ni yeye peke yake.

Jioni alifika nyumbani, ufunguo mkononi, mawazo mbali. Akabisha hodi.

"Karibu, mume wangu," sauti ikaitika kutoka ndani.

Chini ya mlango ilipenya harufu ya pasi. Alijua si mkewe. Alisimama pale mpaka taa za jirani zikawaka, kisha akavua viatu, akaingia.