Gurudumu Lililolipita Gari

Watu walimwita Wembe. Jina hilo lilitokana na kazi yake ya kunyoa, na pia na ulimi wake. Mteja aliyekaa kwenye kiti chake alitoka na nywele fupi na mbavu zinazouma kwa kicheko. Mkewe, Mama Pacha, alishona mapazia katika chumba cha pili. Mashine yake ililia upande huu wa ukuta, mkasi wa Wembe ukajibu upande ule.

Walikuwa na gari dogo la zamani. Lilibeba mapazia, lilibeba pacha kwenda shule, na lilimbeba mama mkwe kwenda zahanati. Lakini mashimo ya barabarani yaliyachosha magurudumu yake. Rimu mbili zilipinda. Nyingine ikapata ufa.

"Baba Pacha, gari linachechemea," mkewe alimwambia.

"Nimesikia, mke wangu. Kaka amenipa magurudumu aliyoyatoa kwenye gari lake. Ni mapana, yanang'aa! Utapanda mpaka uone haya kushuka."

Wembe aliyafunga mwenyewe, nyuma ya nyumba. Matundu ya boliti yalilingana, akafurahi. Lakini alipozungusha usukani alisikia krrr! Magurudumu ya mbele yaligusa shokapu kwa ndani.

Muuza vipuri mmoja akampa dawa. "Weka spesa," alisema. "Ni chuma cha mviringo, kama sahani iliyotobolewa katikati. Unakiweka kati ya gari na gurudumu. Gurudumu linasogea nje, haligusi tena."

Wembe akaweka spesa moja. Gurudumu bado liligusa. Akaweka ya pili juu yake. Sasa halikugusa. Nati ziliingia kidogo tu kisha zikakaza, naye akapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili.

"Hapo hata tembo hang'oi," alisema, akajifuta jasho.

Siku chache zilipita. Siku ya zahanati ikafika. Wembe alishika usukani, Mama Pacha akakaa pembeni yake, na mama mkwe akakaa nyuma na mkoba wake mapajani. Walipoingia barabara kubwa, usukani ulianza kutetemeka. Kisha ikaja sauti. Tak. Tak. Tak.

"Baba Pacha, hiyo ni nini?"

"Magurudumu mageni hayo. Yanazoeana na gari."

"Mimi nilipoolewa nilikuwa mgeni," mama mkwe alisema kule nyuma, "lakini sikutoa sauti kama hiyo."

Wote wakacheka. Wembe aliendelea kuendesha. Alipunguza mwendo kwenye kona iliyo karibu na soko, na hapo ndipo gari lilipoanguka upande mmoja. Ndiyo, lilianguka, kama mtu aliyekatwa mguu. Chuma kilikwaruza lami. Cheche ziliruka hadi dirishani. Wembe alizungusha usukani, lakini gari halikumsikiliza tena.

Kisha akaliona gurudumu.

Lilikuwa mbele yao, likikimbia peke yake. Liling'aa juani. Liliruka ukingo wa barabara, likapita katikati ya watu wawili, likaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha muuza mayai. Trei za mayai zilipaa juu. Kigoda cha mbao kilipasuka vipande vipande. Gurudumu likagonga ukuta, likazunguka, likalala.

Gari lilisimama.

"Mama, umeumia?" Mama Pacha aliuliza, akigeuka nyuma.

"Sijaumia. Shukeni. Nendeni mkamtazame mtu wa pale."

Wembe alishuka. Ute wa njano wa mayai ulitiririka hadi kwenye viatu vyake. Muuza mayai alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mkononi ameshika kamba. Alikuwa amevuka kumsaidia mteja kufunga trei kwenye baiskeli. Alikitazama kigoda chake kilichovunjika. Akamtazama Wembe.

"Nilikuwa nimekaa hapo," alisema taratibu. "Sasa hivi. Nilikuwa nimekaa hapo."

Wembe alipiga magoti kwenye yale mayai, akaanza kuokota vipande vya kigoda kana kwamba angeweza kukiunganisha tena.

Karibu na soko kulikuwa na gereji ya mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya kengele. Wote walimwita Mama Spana. Alikuja na jeki begani. Kwanza alihakikisha hakuna aliyeumia. Pili alilitazama gari. Kisha akaguna.

"Nani alifunga gurudumu hili?"

"Mimi, mama," Wembe alisema.

"Njoo tulivute mpaka kwangu. Nataka uone kwa macho yako, mwanangu. Nikikuambia tu, utasahau."

Kule gereji aliinua upande wa pili wa gari, ule ambao gurudumu halikutoka. Hakutumia spana. Aliweka vidole viwili kwenye nati, akazungusha. Nati ikatoka kama kifuniko cha chupa. Akazungusha ya pili. Nayo ikatoka.

"Hili nalo lilikuwa njiani," alisema.

Mama Pacha alishika kichwa. "Pacha walipanda gari hili asubuhi ya leo," alisema. "Asubuhi ya leo!"

Wembe alikaa chini, palepale kwenye sakafu yenye mafuta.

Mama Spana hakumfokea. Alivuta stuli, akachukua boliti mkononi.

"Sikiliza. Gurudumu hushikwa na boliti na nati. Boliti ina urefu wake. Ukiweka spesa, umelisogeza gurudumu nje, lakini boliti haikurefuka. Nati inashika nchani tu."

"Ni kama kifungo cha shati kilichoshonwa kwa uzi mmoja," Mama Pacha alisema.

"Umesema vizuri, mwanangu. Kinakaa, kinapendeza, halafu siku moja kinadondoka. Nati inapaswa kuingia kwa kina kisichopungua unene wa boliti yenyewe. Hii yako haikufika hata nusu. Tena umebebanisha spesa mbili. Usibebanishe hata siku moja! Zinacheza. Na tazama hapa katikati."

Alionyesha kitovu cha gari, kile chuma cha duara ambacho gurudumu hukaa juu yake. Tundu la spesa lilikuwa kubwa mno. Spesa ilipwaya kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto.

"Ikipwaya, gurudumu halikai katikati. Gari linatetemeka, na kutetemeka kunalegeza nati. Ule mtetemo ulikuwa unakuita, Wembe. Ukisikia hivyo, simama pembeni. Usiendelee hata hatua moja."

"Nilifanya mzaha," Wembe alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi tusitumie spesa kabisa?" Mama Pacha aliuliza.

"Kama utapata magurudumu yanayotoshea bila spesa, hayo ndiyo bora. Usipopata, spesa nzuri zipo. Lakini iwe moja tu kila gurudumu, imetengenezwa kwa gari lako, inabana kwenye kitovu. Boliti ziwe ndefu za kutosha. Na nati ziwe za umbo linalokaa sawasawa kwenye rimu. Uliza pia kama sheria na bima yako zinaruhusu. Sehemu nyingine haziruhusu."

Wembe alikwenda na muuza mayai kumtafutia kigoda kipya na trei nyingine za mayai. Alimwomba radhi mbele ya watu wote wa soko. Muuza mayai aliipokea radhi. Lakini tangu siku hiyo alihamisha kibanda chake, akakaa nyuma ya ukuta.

Gari lililala gereji mpaka spesa sahihi zilipopatikana. Boliti zilizoharibika zilitolewa, zikawekwa ndefu. Mama Spana alimpa Wembe brashi ya waya asugue kutu yote kwenye kitovu.

"Uchafu ukibaki hapo, spesa haikai bapa," alisema. "Kutu ikisagika, nati inalegea."

Walifunga nati kwa kuvukisha, moja huku, ya pili ng'ambo yake, ili gurudumu likae sawa. Wembe akataka kupanda juu ya spana.

"Shuka!" Mama Spana alipiga kelele. "Ukikaza kupita kiasi unaivuta boliti mpaka ikatike. Tumia spana hii ya kupima mkazo. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Ikilia kliki, acha."

Kliki. Kliki. Kisha walizungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Watu walipanda ili gari lishuke kwa uzito. Hakuna kilichogusa.

"Sasa endesha taratibu kwa umbali wa kilomita hamsini hadi mia," alisema. "Halafu urudi nikaze tena. Chuma kipya hujipanga."

Wembe alirudi. Na kweli, nati moja ilisogea kidogo chini ya spana. Tangu hapo usukani ulitulia, na mama mkwe alisinzia njia nzima ya zahanati.

Mwezi mmoja baadaye, mteja mgeni aliingia kunyoa. Wembe alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa alipochungulia dirishani. Gari la mteja lilisimama nje. Magurudumu yake yalitokeza nje ya bodi.

"Ndugu yangu, umeweka spesa?"

"Ndiyo. Nimefunga mwenyewe. Yanapendeza, siyo?"

"Nati ziliingia kiasi gani?"

Mteja alifikiri. "Ziliingia kidogo. Lakini nilikaza kweli!"

Wembe alizima mashine ya kunyolea. "Simama. Twende kwa Mama Spana."

"Na nywele?"

"Nywele zitangoja."

Waliliacha gari palepale, wakaenda kumwita Mama Spana, naye akaja na jeki yake. Aliinua gurudumu la mbele, akaweka vidole kwenye nati. Ilidondoka kiganjani mwake, na ncha ya boliti iliyokatika ikiwa bado ndani.

Mteja aliitazama.

"Nikitoka hapa nilikuwa naenda kuwachukua watoto shuleni," alisema. "Wote watatu."

"Leo wachukue kwa miguu," Mama Spana alimwambia.

Mteja hakungoja Wembe ammalizie kunyoa. Alitoka mbio kuelekea shuleni, kichwa nusu kina nywele, nusu hakina. Mtaa mzima ulimwona, na hakuna aliyecheka.