Shati la Fundi Rangi

Tusizunguke: siku zile mjinga alikuwa Chiriku, na yeye mwenyewe hakatai. Kila asubuhi alimaliza uji, akafunga kamba za viatu, kisha akarudi chumbani eti kuchukua kalamu. Kalamu gani! Alikuwa anapapasa ndani ya foronya ya mto wake, ahakikishe shati la baba bado lipo.

Baba yake, fundi rangi, alifariki kabla ya mvua kuanza. Shati lake la kazi lilikuwa na matone kila mahali: la njano lilitoka kwenye mlango wa darasa, la kijani kwenye geti ambapo Chiriku alimshikia ngazi huku akipiga domo bila kupumua, mpaka baba akambandika jina hilo la ndege. Ila Chiriku hakujali matone. Alichotaka ni ile harufu ya jasho na mafuta ya taa kwenye kola. Usiku alilivaa, akaziba pua kwa kola, ndipo usingizi ukaja.

Kisha upele ukaingia nyumbani. Muuguzi wa zahanati akawapa dawa. "Mpake wote siku moja," alisema. "Na kila nguo, kila shuka, maji ya moto halafu jua kali."

Mama alifua mpaka vidole vikachubuka. Bibi alichochea moto huku akikohoa moshi. Na Chiriku? Shati alilitia kwenye mkoba wa shule, akawasaidia kuanika kwa uso wa malaika.

Upele ulipoa kidogo, ukarudi na hasira. Mdogo wake, mtoto wa kutambaa aliyelala naye kitanda kimoja, alijikuna hadi viganja vikatoa usaha. Akaacha kunyonya. Hata kulia akalia bila sauti.

"Mama, hukufua," muuguzi alisema walipomrudisha mtoto zahanati.

"Dada yangu, nimefua hata pazia."

"Basi hukufua vizuri. Mtazame mtoto!"

Mama aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mtoto usoni. Tangu msiba hakuwahi kulia mbele za watu.

"Ni mimi," Chiriku alisema. "Kuna shati. Nalivaa usiku."

Nyumbani hakupigwa, na hilo lilimuumiza kuliko fimbo. Sufuria lilikuwa linatokota. Bibi, mama mzazi wa marehemu, akanyoosha mkono. Chiriku akalikumbatia shati.

"Bibi, likiingia humo, baba ndiyo ameisha."

"Litumbukize mwenyewe," Bibi alisema taratibu.

Akalitumbukiza. Lilipotolewa kwa mwiko, alilinusa: sabuni. Sabuni tupu, kama shati la mtu yeyote duniani. Alikaa chini pale pale kwenye majivu, akahisi wamemzika baba mara ya pili, na safari hii jembe alishika yeye.

Walipakana dawa upya, wote. Vidonda vya mtoto vikakauka, akarudia ziwa, akarudia na kuvuta nywele za dada yake. Chiriku hakucheka.

Mama alimketisha kando yake. "Mwanangu, kumlilia baba si kosa. Kosa ni kunyamaza huku mdogo wako anaoza mikono. Ugonjwa wa kuambukiza haujali nguo ni ya nani. Ungesema, tungelifua siku ile ile, na mtoto asingefika pale."

"Ndiyo, Mama."

Shati lilikuwa kwenye kamba, matone yote mahali pake. Maji ya moto hayakuyaweza. Chiriku aligusa lile la kijani.

"Matone yapo. Lakini harufu ya baba mmeiua."

Bibi aliacha kupepeta mchele.

"Harufu ya baba? Mwanangu akitoka kazini alikuwa hakugusi hata kidole mpaka aoge. Hiyo unayoililia wewe, mwenzako alikuwa anakimbilia bafuni kuiosha kila jioni ili aje akubebe!"