Fuvu Lililooshwa kwa Sabuni

Jilala alikuwa amechuchumaa kando ya ufa wa mwamba, akisugua fuvu la mtu kwa sabuni ndani ya beseni. Shemeji yake, Limi, alitokea nyuma ya nyumba yake akiwa na mgeni.

"Liache hilo," Limi alisema.

"Ni ndugu yangu. Namwosha nimzike."

Mume wa Limi, Nkwabi, ndugu yake Jilala, alikwenda Geita kuchimba dhahabu miaka sita iliyopita, akapotea. Wiki iliyopita wavunja kokoto walikuta mifupa ndani ya ufa huu. Jilala akatangaza kwenye mnada wa mifugo wa Tinde kwamba Limi alimuua mumewe. Tangu hapo wazee hawaitikii shikamoo yake.

Limi mwenyewe alikwenda polisi, nao wakamwita mgeni huyu, Paskalia, mtaalamu wa mambo ya kale. Paskalia alilitazama beseni.

"Baba, udongo ulioshika fuvu ulikuwa ushahidi. Umeuosha. Mkikuta mifupa, iacheni palepale, mtoe taarifa."

"Ameniita muuaji, sasa ananioshea na ushahidi," Limi alisema.

"Mwingine umebaki. Sogeeni."

Alimulika tochi ndani ya ufa. Mifupa mingine ya mwili huo, kuanzia shingoni fuvu lilipong'olewa, ilikuwa imelala chini ya tabaka gumu, jeupe kama chokaa.

"Maji ya mvua hujenga tabaka hili polepole, vizazi na vizazi. Chukulia ni sakafu ya saruji. Ukiivunja ukafukia kitu, kiraka kitaonekana. Unakiona?"

Jilala alipapasa kwa vidole. Akarudia.

"Sikioni."

"Na huu mkaa umenasa ndani ya tabaka. Mti ukifa, kuna kitu ndani yake huanza kupungua kwa mwendo unaojulikana. Maabara watapima kilichobaki, wakadirie umri. Idadi ya miaka siijui bado. Ila huyu alikufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa."

Jilala alikaa chini. "Basi Nkwabi yuko wapi?"

"Leo ndiyo unauliza?" Limi alisema. "Nimekwenda Geita kumtafuta mara mbili, peke yangu. Wewe ulibaki hapa unaniitishia vikao."

"Shemeji, mimi..."

"Usiniambie mimi. Kaseme mnadani, kwa mdomo huohuo."

"Mnada ni kesho."

"Basi kesho."

Jua lilikuwa linazama, na nusu ya ufa ilikuwa haijachunguzwa. Paskalia alitandaza turubai juu yake. Jilala alileta mawe, akakandamiza pembe moja baada ya nyingine. Limi alisimama akimwangalia, hakumsaidia.