Jamvi la Bluu Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Fundi Turubai alikuwa akivua vyura.

Hakuwa mvuvi. Kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori. Lakini yeye na mkewe walikuwa pia na nyumba ya wageni yenye vyumba sita, na nyuma yake kulikuwa na bwawa la kuogelea. Vyura walilipenda bwawa hilo kuliko wageni. Waliingia usiku, wakashindwa kutoka, kwa sababu kuta za bwawa zilikuwa laini na wima. Asubuhi fundi aliwakuta wakielea. Siku nyingine alikuta panya. Siku moja alikuta nyoka, na siku hiyo chai ilinywewa saa nne.

"Mzee, mgeni wa chumba namba mbili anauliza kama maji ni safi," mkewe alimwambia.

"Mwambie ni safi."

"Nimwambie na habari za panya?"

Maneno hayo yalimwingia fundi. Kinyesi cha wanyama kilikuwa kinachafua maji. Mizoga yao iliziba chujio. Kila wiki alitia dawa nyingi zaidi, na macho ya wageni yakazidi kuwasha.

Basi Jumamosi moja akachukua turubai la bluu. Akapima bwawa, akakata, akashona pindo mara mbili kila upande. Akalitandaza juu ya maji na kuligandamiza kwa matofali kwenye ukingo. Asubuhi iliyofuata hakukuwa na chura hata mmoja majini. Kichwa kikamvimba. Kila mgeni aliyefika alionyeshwa turubai kwanza, chumba baadaye.

Mvua zikaanza. Maji yakatuama juu ya turubai, na vyura wakarudi. Safari hii walikaa juu yake na kutaga mayai. Ndege nao wakaja kunywa.

"Vyura wako hao," mkewe alisema.

"Wako juu. Hawamo ndani," fundi alijibu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumapili binti yao akaja na mtoto wake wa miaka mitatu. Binti huyo alikuwa nesi. Alikuwa amepata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu katika mji wa mbali, na mtoto angebaki kwa babu na bibi kuanzia siku hiyo, azoee kabla mafunzo hayajaanza. Mtoto walimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Fundi aliisubiri siku hiyo mwezi mzima. Alikuwa ameshona bembea ndogo ya turubai na kuining'iniza barazani.

Begi la Chiriku lilikuwa bado kwenye gari. Watu wazima walikaa wakinywa chai na kupiga soga. Baada ya muda bibi akaenda jikoni, na binti akatoka mbele kupokea simu. Fundi alidhani mtoto yuko na bibi yake. Bibi alidhani yuko na mama yake. Mama alidhani yuko na babu.

Mara wakasikia kishindo cha maji nyuma ya nyumba.

Fundi alikimbia. Akakuta mbwa wa jirani anatapatapa katikati ya bwawa. Alikuwa amekuja kunywa maji ya mvua, akakanyaga turubai, nalo likazama naye. Kadiri alivyopiga miguu, ndivyo turubai lilivyomviringisha.

Fundi akaruka ndani. Maji yalimfika kifuani tu, na kuogelea alijua. Lakini turubai lilimkumbatia miguu, kisha mikono, kisha likamfunika uso. Alikuwa amelishona lisipitishe hata tone. Sasa halikupitisha hata pumzi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliogopa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Mkewe alifika akipiga kelele, akasukuma matofali na kuvuta pembe moja kwa nguvu zote. Binti akamshika baba yake kwapani. Fundi akatoka akikohoa, mbwa mikononi. Mbwa akajikung'uta, akawalowesha wote, akaenda zake kwao.

Ndipo walipomwona Chiriku.

Alikuwa ameketi kwenye ukingo, upande wa pili, karibu na kichaka cha maua. Kiatu kimoja alikuwa amekivua. Cha pili alikuwa anahangaika na kifungo chake.

"Chiriku," mama yake alisema polepole, "unafanya nini hapo?"

"Navua viatu. Nataka kukaa kwenye jamvi la babu."

"Jamvi gani?"

"Hili la bluu. Bibi alisema nisikanyage jamvi na viatu."

Bibi alikaa chini palepale, kwenye majani yenye maji. Kila mara mjukuu alipokuja, alikuwa akimkumbusha kuvua viatu kabla ya kukanyaga jamvi la sebuleni. Kifungo kigumu cha kiatu ndicho kilichomchelewesha mtoto.

Binti alimbeba mwanawe, akamkumbatia kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, nakupenda na unajua. Lakini begi halishuki leo."

"Mwanangu..."

"Mafunzo yanaanza baada ya wiki tatu. Nitapita tena. Nikikuta bwawa liko hivi, naondoka na mtoto, na mafunzo naacha."

Fundi aliumia. Aliumia zaidi kwa sababu binti yake alisema kweli.

Kesho yake akamwita fundi wa mabwawa na kumsimulia yaliyotokea. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Klorini kwa sababu kutwa alinukia dawa ya maji. Aliliinua turubai, akaupitisha mkono kwenye pindo.

"Mshono mzuri huu, fundi mwenzangu. Sioni kosa."

"Basi kosa liko wapi?"

"Halijafungwa popote. Matofali hayashiki kitu. Ukilikanyaga linazama na wewe, halafu linakufunika. Bwawa likiwa wazi, angalau mtoto anaona ni maji. Hili linamdanganya kwamba ni sakafu."

Fundi akasukuma tofali moja kwa mguu, likasogea.

"Na yale maji yaliyotuama juu yake?" mkewe aliuliza. "Si yalikuwa kidogo tu?"

"Kina cha kiganja kinatosha, mama. Mtoto mdogo akianguka kifudifudi hapo, anazama. Tena hayo maji ndiyo yanaita vyura, ndege na mbwa."

Mama Klorini akafungua mkoba, akatoa kipande cha kitambaa kizito kama wavu uliosukwa kwa karibu.

"Kifuniko cha usalama ni hiki. Maji ya mvua yanapita, hayatuami. Kinavutwa kwa mikanda yenye springi, na kila mkanda unashikwa na chuma kilichochimbiwa kwenye zege. Mtu mzima akianguka juu yake, kinambeba."

"Nitakishona," fundi alisema, macho yakianza kung'aa.

"Hutakishona."

"Mimi nashona maturubai ya malori, dada yangu."

"Na lori halizami. Hiki hupimwa kiwandani kama kinabeba uzito, na huja na cheti. Tutapima bwawa, tutaagiza. Pembeni pasibaki mwanya wa mtoto kujipenyeza." Alimtazama, akamwonea huruma. "Lakini kinahitaji mfuko wa kukihifadhia. Huo ushone wewe."

Fundi alitabasamu kidogo.

"Na ile plastiki yenye mapovu? Niliiona hotelini," aliuliza.

"Ile inatunza joto la maji na kuyazuia yasikauke haraka. Usalama haumo. Usije ukachanganya."

"Wageni wakitaka kuogelea?"

"Unatoa kifuniko chote. Si nusu. Mtu akipiga mbizi akaibukia chini yake, hapati pa kutokea. Wakimaliza, hakikisha wote wametoka, toa na mipira yote majini, kisha funga mikanda yote. Hapohapo, si kesho."

"Kwa hiyo baada ya hapo tutakaa raha," mkewe alisema.

"Mtakaa macho, mama. Kifuniko hakichungi mtoto. Kinawasaidia tu pale mtakapoghafilika. Jana mmeghafilika watu watatu wenye akili zenu. Wekeni na uzio, wenye geti linalojifunga lenyewe, komeo liwe juu asikofika mtoto. Na leo hii ondoeni turubai na kutia kufuli mlango wa nyuma."

"Vyura je? Bwawa likiwa wazi wataingia tu."

"Ning'iniza wavu mzito kutoka ukingoni hadi majini. Chura akiingia, atapanda atoke. Naye anapenda kwenda kwake."

Turubai la bluu liliondolewa siku hiyohiyo. Fundi alilikata vipande, akafunikia kuni. Walijibana sana wiki zile, na bwawa likakaa bila wageni. Uzio ukasimama. Kifuniko kikafika, cha kijani, na mikanda ishirini na minne. Mama Klorini alipomaliza kukifunga, alimwambia fundi apande juu yake.

"Mimi?"

"Nani mwingine? Polepole, nimekushika."

Fundi alitembea hadi katikati, hatua kwa hatua. Kifuniko kilibonyea kidogo, kikambeba.

"Haya, shuka. Hapo ni pa kuokolea mtu, si pa kuchezea."

Asubuhi tatu mfululizo alikifunua kifuniko, wavu wake wenye mpini mrefu mkononi. Hakukuwa na cha kuvua, na maji yalikuwa maangavu hadi chini. Safari hii hakumtambia mtu. Jioni alizunguka bwawa, akavuta mkanda mmoja mmoja, akihesabu hadi ishirini na nne.

Binti alirudi kama alivyoahidi. Hakunywa chai. Alisukuma geti, akaliachia, akasikia komeo likijifunga. Akainama kwenye kila pembe kutafuta mwanya. Akavuta mikanda. Kisha akaenda kwenye gari, na fundi akabaki amesimama na Chiriku nje ya uzio, roho juu.

Chiriku aliinama, akaanza kufungua kiatu.

"Unavua viatu vya nini, mjukuu wangu?" fundi aliuliza.

"Si jamvi jipya lile?"

"Si jamvi. Ni kifuniko. Chini yake kuna maji."

"Mengi?"

"Mengi. Yalitaka kumla babu."

Chiriku alimtazama babu yake, akakitazama kifuniko, akamtazama babu tena. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa kimya. Kisha akanyoosha mguu.

"Nifunge, babu."

Fundi alipiga goti, akamfunga kifungo. Alipoinua macho, binti yake alikuwa anakuja kutoka kwenye gari, na begi lilikuwa mkononi.