Naam ya Mtu wa Nne

Jumatatu saa sita mchana, mfasiri wa filamu aliitika "Naam!" kutoka kwenye chumba chake cha kurekodia, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa sebuleni akishona sare za shule, pini nne amezibana midomoni. Alisimamisha cherehani, akasikiliza, kisha akazitoa pini moja moja.

"Baba, nani kakuita?"

"Si wewe?"

"Mimi? Na pini zote hizi?"

Mume alitokeza mlangoni akijikuna shingo. Akasema basi ni uchovu tu, na mke hakubisha, maana katika nyumba ile uchovu ulikuwa kama mpangaji wa siku nyingi, hakuna tena anayemuuliza aliingia lini. Miaka kumi na minane mwanamume huyu alikuwa akitia Kiswahili katika filamu za nje, ndani ya chumba kilichozibwa kwa magodoro, sauti zote peke yake: shujaa, adui, bibi kizee, na ikibidi hata farasi. Koo lake lilikuwa limechakaa.

Filamu iliyommaliza kabisa ilikuwa ya wiki iliyopita. Ilikuwa ya zamani, ya makauboi, kazi ya Waitaliano, na mwenye duka la video alitaka kuitoa upya kwenye diski watu wakaitazame majumbani. Kisa chenyewe ni cha kisasi na hakina mizunguko. Watu wanne wamemuua ndugu wa kauboi mmoja, na kauboi anawatafuta mmoja baada ya mwingine. Hampigi mtu risasi ya mgongo. Anasimama nje, jua liko utosini, anamwita, na mtu akiitika tu, amekwisha. Majina ya Kitaliano yalimkwama mfasiri kooni kama mfupa, akaamua kuwaita kwa namba. "Wa kwanza!" "Naam!" Risasi. "Wa pili!" "Naam!" Risasi.

Wa nne haitiki. Ni mzee, amekaa kibarazani kwake, anaitwa, ananyamaza. Kauboi anasubiri. Vumbi linapita, na filamu inaisha hivyo hivyo, mmoja amesimama, mwingine amekaa.

Dakika tatu za kimya. Na mfasiri aliwajua wateja: wakisikia kimya wanadhani diski ni mbovu, wanairudisha dukani kwa matusi. Ndiyo maana alikuwa na desturi ya kuziba kila kimya kwa chochote kile, kikohozi, utani, salamu kwa majirani. Siku ile hakuwa na utani uliobaki. Wala hakuwa na sauti nyingine ya kubuni, wale watatu walikuwa wamezimaliza. Akakivuta kipaza sauti, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile anayoombea maji ya kunywa nyumbani: "Naam. Nimechoka kukimbia. Njoo."

Jumanne saa sita, mume akaitika tena chumbani, na safari hii fundi alisikia vyuma getini, cheng, cheng, kama vile vya visigino vya makauboi. Alichungulia dirishani, asione mtu. Jumatano mume aliitika, na vyuma vikalia kibarazani, na pamoja navyo ikaingia harufu ya mnyama aliyelowa jasho, na juu yake harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Alhamisi mume alikuwa amesimama mbele yake kabisa, kikombe cha chai mkononi, mdomo umefumbwa, wakati sauti ya huyo huyo mume ilipotoka kule chumbani ikiita "Wa nne!", nzito na ya pole pole, na kabla fundi hajavuta pumzi aliiona midomo ya mumewe ikifunguka yenyewe kama mlango uliosukumwa na upepo, ikasema "Naam!", na kikombe kikaanguka, na vumbi jekundu lisilo la mtaa ule likashuka taratibu juu ya mashati meupe ya shule.

"Ile ni sauti yangu," mume alinong'ona. "Sauti yangu ya kauboi."

"Usiseme kwa nguvu."

"Mke wangu, mimi ndiye niliyeita. Na mimi ndiye niliyeitika."

Ijumaa asubuhi walimleta mganga, mama mfupi mwenye magoti mabovu, aliyeomba kiti kabla ya salamu. Alitaka kuitazama filamu yote kwanza. Akaitazama, akacheka panapochekesha.

"Sinema nzuri," alisema. "Zamani walijua kutengeneza."

Kisha mwisho ukafika, na hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa amekaa kibarazani kwake kama kawaida. Pale aliposimama kauboi palikuwa na vumbi tu.

"Limeshatoka," alisema mganga, na alionekana amechoka ghafla. "Hili jini lilikuwa limekaa ndani ya kile kimya likingoja kuitikiwa. Yule mzee alijua. Wewe ukalipa jibu, baba, tena kwa sauti yako ya kweli. Kila ukiitika linasogea. Limefika chumbani, limebakiza jibu moja tu, halafu linaondoka na mtu. Ubani hautasaidia kitu. Lilijibiwa, basi linyimwe jibu."

Fundi alimsindikiza mpaka getini. Mganga alishika nguzo kupumzisha magoti.

"Siku saba, kuanzia leo. Saa sita, mtu asiitike. Umenisikia? Mtu asiitike."

"Nimekusikia, mama."

Akarudi ndani akamwambia mumewe: "Amesema usiitike."

Alikata kipande cha kitambaa cha sare, na kila ilipokaribia saa sita mume alijijaza nacho mdomo, akakaa kitini kwenye chumba cha kurekodia, mikono imeng'ang'ania ukingo. Sauti iliita. Iliita kikauboi, siku ya tatu ikaita kwa kubembeleza, siku ya tano kwa kukohoa kama mgonjwa anayetaka maji, na fundi huko sebuleni, pini midomoni, aliendelea kukanyaga cherehani ili asisikie, akisikia kila kitu, vyuma vikienda na kurudi nyuma ya mlango, cheng, cheng, hadi mguu wake ukawa unakanyaga kwa mwendo wa vile vyuma bila yeye kutaka. Alimpenda mumewe, na alikuwa amechoka, na vyote viwili vilikuwa na uzito mmoja. Hakuomba kitu kingine ila huyu mtu abaki.

Siku ya saba alimaliza shati la mwisho muda mfupi kabla ya saa sita. Akazichomeka pini zote kwenye kijimto chake cha pini, akajinyoosha mgongo.

"Wa nne!" iliita sauti, mara moja, hafifu.

Kisha kimya. Vyuma havikulia. Harufu ilikatika. Dakika zikapita, na mtaani mtu akafungulia redio. Fundi alihisi machozi yakimtoka, ya mtu aliyetua mzigo, na hakuyafuta.

Halafu kutoka chumbani ikaja sauti ya mumewe, kavu, ya upole, ile ya kuombea maji.

"Mama."

"Abee," aliitika fundi, kama alivyoitika kwa miaka kumi na minane. "Abee, mume wangu. Limekwisha?"

Mlango wa chumba ulifunguka. Mume alikuwa amesimama pale, macho yamemtoka, akitikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, na kitambaa cheupe kilikuwa bado kimemjaa mdomoni.

Fundi akalikumbuka neno la mganga pale getini, alivyolirudia mara mbili: mtu.

Nyuma ya kiti chake, chuma kiligonga sakafu.