Sampuli ya Saba

Pyo Eun-suk aliweka mdomo wa bastola kisogoni mwa Daktari Nam, kisha akamwomba radhi.

"Nisamehe, Mzee. Mikono juu ya meza."

Nam Gi-taek, mkuu wa maabara, hakushtuka. Macho yake hayakutoka kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini mchana, Agosti, na nje lami ilikuwa inalainika kwa jua.

Kwa miezi minne Pyo alikuwa fundi wa kawaida katika maabara ile ya bonde la Boeun. Alivaa koti jeupe na kupanga foleni ya kantini kama wenzake. Kazi yao ilikuwa moja: kupasha moto vitu vinavyolipuka na kuandika vimelipuka lini. Kazi ya Pyo ilikuwa nyingine. Makao ya ujasusi kule Seoul yalijua kwamba mzigo wa vilipuzi utaibwa. Hayakujua nani atauiba.

Sasa alijua.

Sampuli ya saba, kilo arobaini, ilifungiwa juzi ndani ya chumba cha zege nyuma ya kilima kwa jaribio la polepole. Joto hupandishwa kidogo kidogo kwa siku mbili, na katika siku hizo hakuna kiumbe anayesogea kule. Hiyo ndiyo sheria yao, na hakuna aliyewahi kuivunja. Mwizi gani angeomba maficho mazuri zaidi?

Lakini kulikuwa na skrini. Mstari mwekundu ni joto la tanuri, wa buluu ni joto la sampuli. Kilipuzi kikianza kuamka hujipasha chenyewe, na buluu huuacha nyekundu nyuma. Siku mbili sasa mistari ile ilikuwa bega kwa bega.

"Mle ndani mna mchanga," Pyo alisema. "Mzigo uko wapi?"

Watu wa jimbo lile la Chungcheong wana sifa ya kuongea polepole, na Nam alikuwa bingwa wao. Alimeza mate. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Wamemshika Da-seul," alisema hatimaye. "Binti yangu. Walisema nitoe mzigo, watamrudisha. Nimeutoa."

"Nani?"

"Tak Dong-u. Mtu wa magendo. Ameuweka kwenye gari la barafu la samaki ili polisi wasilifungue. Nilimwambia asizime baridi hata kidogo. Nilimwandikia kabisa."

"Basi?"

"Saa saba kamili aliniruhusu niongee na mtoto." Mzee alitazama tena saa ya ukutani. "Akaniambia, baba, humu kuna joto."

Pyo alishusha bastola.

Wamemfungia binti na mzigo pamoja. Na ili asigande kwa baridi, wamezima mashine. Wema wa jambazi. Kuta nene za gari la barafu zilitengenezwa kuzuia joto lisiingie, lakini likishaingia, haziliachi litoke.

"Mpigie," Pyo alisema.

Tak alipokea kwa mlio wa nne. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Daktari, tulikubaliana nipige mimi."

"Washa... baridi," Nam alisema. "Nakuomba, kijana. Mzigo huo ni mbovu. Ndiyo sababu tulikuwa tunaupima. Mtoe mtoto, washa baridi, ukae mbali..."

"Watu wa kwenu bwana." Tak alicheka. "Mpaka umalize sentensi meli itakuwa imefika Busan. Sasa unataka nimgandishe mwanao, halafu useme Tak ni muuaji? Tulia, mzee. Saa kumi na moja meli inapokea mzigo, saa kumi na mbili unakula samaki pamoja na binti yako."

Akakata.

Pyo alibonyeza kifaa cha sikioni. "Mkuu, umepata simu ilikopokelewa?"

Mkuu Do wa makao ya Seoul hakuwahi kusalimia. "Kituo cha mapumziko, barabara kuu ya Geumsan. Anasubiri muda wa meli. Supu isimwagike."

Maana yake: mzigo usifike melini, kwa gharama yoyote.

"Kuna binti ndani, Mkuu."

"Nimesikia. Usilifungue gari. Mmalize Tak, waondoe watu, liache lilipuke lenyewe."

"Mkuu..."

"Nimesikia, Pyo."

Pyo alimvuta Nam mkono hadi nje.

Walitoka na Sonata nyeusi. Pyo alikanyaga mafuta mpaka sindano ikagusa mia na tisini. Nam alikuwa amepakata fomu ya jaribio, penseli mkononi, akipiga hesabu. Alifuta. Akarudia. Akafuta tena.

"Saa tisa kasoro robo," alisema. "Nikikosea, nitakosea kwa dakika kumi."

"Umewahi kukosea?"

"Sijawahi." Alitazama nje. "Miaka thelathini na moja. Leo naomba nikosee."

Pyo alilipita lori bila kupiga honi. Alishawahi kufukuzana na saa na kushinda, lakini hii haikuwa saa ya mtu, isingedanganyika wala kuhongwa. Moyoni alijua wamechelewa tangu kabla hawajawasha gari.

Saa nane na dakika ishirini na nane.

Kituo kilikuwa kimefurika. Likizo ya kiangazi. Familia nzima nzima zilikula vitumbua vyenye kokwa za jozi kwenye kivuli, watoto na mipira yao ya kuogelea. Gari jeupe la barafu lilisimama katikati ya uwanja, juani, mabasi mawili ya watalii ubavuni.

"Kaa hapa, Mzee."

Tak alikuwa kwenye mgahawa peke yake, akizikata tambi baridi bakulini kwa mkasi. Pyo aliketi mbele yake kama mke aliyechelewa.

"Ufunguo."

Tak aliinua macho. Akamtazama, akatabasamu. "Dada, umekosea meza."

"Bastola yangu ya K5 inatazama kitovu chako. Ufunguo."

"Utapiga risasi hapa? Mbele ya akina mama?" Mkono wake wa kushoto ulikuwa unateleza kuelekea kiunoni. "Huwezi."

Aliweza.

Mlio mmoja, chini ya meza. Tak alilalia bakuli lake. Pyo aliuchukua ufunguo mfukoni mwake, na hapo ndipo alipoona alichokifanya.

Watu walikuwa wanakimbia. Na msafiri akiogopa hukimbilia wapi? Kwenye gari lake. Mamia ya watu walimiminika uwanjani, wakijipakia, wakigongana, wakifunga njia. Wote wakilizunguka gari jeupe.

Alilaani. Akakimbia nao.

Nam alikuwa ameshafika mlangoni pa gari la barafu, akigonga bati na kuita jina la mwanawe. Pyo aligeuza ufunguo. Joto liliwapiga usoni. Binti wa miaka kumi na tisa alikuwa sakafuni, mikono imefungwa kwa kamba ya plastiki kwenye nguzo, nywele zimelowa, midomo imepasuka. Pyo aliikata kamba kwa kisu na kumbeba begani.

Nam hakumfuata. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, kiganja juu ya mfuniko, kama anayepima homa ya mtoto.

"Limeshaamka," alisema.

"Washa baridi."

"Baridi haifui dafu sasa. Linajipasha lenyewe." Alisimama. Alitazama mabasi, watoto, magari yaliyobanana. "Nyuma kuna geti la wafanyakazi. Ukipita lile, kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa. Kilomita mbili."

"Nipe niendeshe."

"Wewe huna watoto?"

"Sina."

"Basi hujui ninachokwambia." Kwa mara ya kwanza aliongea haraka. Alitoa mfukoni muhuri wake, kipande cha mbao chenye jina, na ile fomu. Akavibana mkononi mwa Pyo. "Mimi ndiye niliyeutoa mzigo. Kila jaribio lazima liandikwe matokeo. Andika ukweli, dada. Usiache mstari mtupu."

Da-seul alifumbua macho begani mwa Pyo. "Baba?"

Nam alimgusa shavu kwa ncha za vidole. Pengine angeanza kuongea, asingemaliza. Akapanda kwenye usukani.

Gari jeupe lilipiga honi, likasukuma pikipiki moja, likavunja geti na kupotea nyuma ya kilima.

Pyo alimlaza binti chini na kumfunika masikio.

Saa tisa kasoro dakika kumi na moja ardhi ilitikisika. Vioo vya mgahawa vilimwagika. Moshi ulipanda taratibu kutoka machimboni, na hakuna aliyekufa kituoni isipokuwa Tak. Da-seul hakupiga kelele. Alimtazama Pyo kwa macho makavu.

"Ulikuwa na ufunguo," alisema. "Kwa nini hukuja mapema?"

Hilo Pyo atalibeba mpaka kaburini.

Jioni alirudi maabara kuchukua vitu vyake. Kwenye skrini mchanga ulikuwa bado unapashwa, mistari miwili bega kwa bega. Akalizima tanuri. Aliitandaza fomu mezani. Ilikuwa na alama za kufutwafutwa kwa penseli, na juu yake, kwa mwandiko wa mzee: saa tisa kasoro robo, dakika kumi mbele au nyuma.

Hakuwa amekosea.

Pyo aliandika kwa wino: Sampuli ya saba. Imelipuka saa tisa kasoro dakika kumi na moja. Chini, mahali pa mpimaji, aligonga muhuri wa Nam.

Sikioni Mkuu Do alikohoa. "Kazi safi. Taarifa itasema ni mtungi wa gesi. Nam alikuwa msaliti. Jina lake lisionekane kwenye karatasi yoyote."

Pyo alilitazama jina jekundu la Nam Gi-taek. Wino ulikuwa bado mbichi. Akaipuliza fomu, akaipachika kwenye jalada lake kati ya la sita na la nane, akalirudisha rafuni.

"Umechelewa, Mkuu," alisema.

Alivua kifaa cha sikioni na kukiacha mezani. Muhuri aliutia mfukoni. Kulikuwa na binti hospitalini wa kukabidhiwa, hata kama angeutupa. Akatundika koti jeupe msumarini, akamwinamia mlinzi wa getini kama kila siku, na kutembea hadi kwenye gari bila haraka.