Kilemba cha Viazi

Likizo ilipofika, Idda alishinda kando ya barabara kuu ya Makambako, akimsaidia mama yake kuuza viazi. Miaka hiyo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Mabasi ya watu binafsi yaliongezeka, na wauza viazi nao wakaota kama uyoga. Kila mwenye kishamba kijijini Kichiwa alijiita mfanyabiashara.

Mama Idda alikuwa na bahati yake. Mzee Abdulaziz, dereva wa basi la Dar es Salaam, alisimama kwake tu na kuwaambia abiria wanunue bila wasiwasi. Viazi vilijazwa kwenye viroba, vikarundikwa juu kama kilemba, kisha kiroba kikashonwa kwa kamba.

Siku moja mama alikwenda Kichiwa kufuata mzigo, akamwachia Idda kazi ya kushona. Viazi havikutosha kiroba cha mwisho. Dorkasi, rafiki yake aliyeuza jirani, alimwonyesha viazi vya kijani vilivyopigwa na jua, ambavyo mama alivitenga kwa mbegu.

"Hivyo weka chini, vizuri viwe kilemba," alisema. "Abiria ni mpita njia. Atakujulia wapi?"

Idda akafanya hivyo. Mama mmoja wa makamo katika basi la Mzee Abdulaziz alikinunua, basi likaondoka, na Idda akajiona mjanja kweli.

Wiki iliyofuata basi la Mzee Abdulaziz lilipita bila kusimama, likaenda kusimama mbele kwa wauzaji wengine. Safari iliyofuata ikawa vilevile. Viazi vilianza kuchipua. Mama alijiuliza amemkosea nini mzee wa watu, akasema mambo yakiendelea hivyo ataacha biashara, arudi kulima vibarua. Idda akasukuma pembeni sahani ya ugali. Akasema yote huku analia.

Mama hakumpiga. Alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. "Si ungeniambia tu kwamba vimepungua?" alisema. Idda aliona heri angechapwa.

Basi lilipokuja tena, walilifuata kulekule mbele wakiwa na kiroba ambacho hakijashonwa. Mzee Abdulaziz aliwaeleza kwamba yule mama alikipeleka kiroba kwa wakwe zake. Kilifunguliwa mbele ya wageni, na viazi vilipopikwa vilikuwa vichungu. "Alinirudia mimi," alisema. "Nimesemwa ndani ya gari langu, mbele ya abiria."

Abiria walikuwa wakisikiliza madirishani. Idda alitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, babu," alisema kwa sauti ndogo. "Mama hakuwepo. Mimi ndiye niliyeshona kile kiroba."

Mama alitandika kitenge na kumwaga viazi vyote, watu waone. Akaomba kiroba hicho kipelekwe kwa yule mama bure. Akasema kuanzia leo hatashona kiroba mpaka mnunuzi awe ameona ndani.

Mzee akamgeukia Idda.

"Mjukuu wangu, chema chajiuza, lakini hapa wenye viazi vyema ni wengi. Abiria walikuwa wananunua neno langu, na neno langu nililitoa kwa kumwamini mama yako. Wewe ulituuza sote wawili bila sisi kujua."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Safari ijayo nitasimama kwenu. Ila mimi sitawaambia abiria kitu. Utawaambia wewe, na utawafungulia mpaka chini."